Mbegu Zilizopigwa Mnada

Mtaa wa Lugonzi,
Mgeta.
9 Septemba 2024

Mpwa wangu Witness,

Bwana Yesu asifiwe. Marahaba yako naitanguliza, maana najua shikamoo iko njiani. Sisi huku hatujambo kiasi. Mkaza mjomba wako Prisca anakohoa kikohozi chake cha kiangazi. Yeye anasema ni vumbi, mimi nasema ni kuni mbichi, na tumeshachoka kubishana. Binamu yako Erick ameng'oa karoti, Hamza amezipakia kwenye Fuso lake hadi Dar, na huko wamezichagua moja moja kama watu wanaotafuta mchumba. Nusu zimerudi kuwa chakula cha nguruwe wa jirani.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Unajua kila mwaka kabla ya kupanda Mchungaji hupanda huku kubariki mbegu. Mwaka huu alituma ujumbe kwamba goti lake haliwezi mlima, tuziteremshe mbegu huko usharikani, azibariki madhabahuni Jumapili ya Mavuno, kisha zirudi. Nikazikusanya. Kila nyumba ilileta viazi vyake vya mbegu kwenye kiroba, na kila kiroba kikafungwa kipande cha kitambaa cha mwenyewe ili visichanganyike. Hamza akavishusha Jumamosi, akavikabidhi kanisani.

Jumanne iliyofuata Hamza akarudi na gari tupu. Anasema mlinzi alimwambia hakuna mzigo wa Mgeta, asubiri barua. Barua imefika jana. Imepigwa chapa vizuri, ina muhuri, Mzee Leonard ameisaini kama Mwenyekiti wa Kamati ya Uwakili, ile inayosimamia sadaka. Inatushukuru sisi wa Lugonzi kwa "sadaka nono ya mavuno". Nilianza kuisoma mbele ya watu baada ya ibada. Nilipofika kwenye neno sadaka nikakohoa, nikaikunja, nikasema tuimbe.

Nadhani barua hiyo ni ya mtaa mwingine wa usharika. Wewe ndiwe karani wa usharika. Niambie mbegu zetu zinapanda gari lini. Hamza anapita Ijumaa.

Ni mimi mjomba wako,
Mwinjilisti Jonathan


Usharika wa Emau,
Morogoro.
23 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na mkaza mjomba, na kwamba kikohozi kimepungua. Mimi ni mzima wa afya. Mdogo wangu amefungua shule na ada ya muhula nimeilipa, namshukuru Mungu kwa kazi hii. Joto limeanza hapa mjini, na feni ya ofisi imeharibika, hivyo naandika huku karatasi zimekandamizwa na Biblia ya madhabahuni ya zamani.

Samahani kwa kuchelewa. Hamza alipita Ijumaa ile lakini nilikuwa nimetumwa benki. Ijumaa ya pili alipita mapema kuliko kawaida.

Kuhusu suala la mbegu, limepokelewa na linashughulikiwa kwa mujibu wa utaratibu. Lazima lipite Kamati ya Uwakili kabla ya kwenda Baraza la Wazee. Kikao cha Kamati kilichokuwa kifanyike wiki iliyopita hakikufikisha akidi. Kimeahirishwa.

Mjomba, naomba nikuulize jambo moja, na usinielewe vibaya. Kwa nini mlileta mbegu zote? Mitaa mingine huleta konzi moja kwenye sahani, kwa niaba ya zote. Mngeleta konzi, mambo yangekuwa mepesi.

Nakuomba pia usipige simu ya ofisi. Inapokelewa na yeyote aliye karibu, na Mzee Leonard huwa karibu.

Mpwa wako mtiifu,
Witness


Lugonzi,
4 Oktoba 2024

Mpwa wangu Witness,

Bwana asifiwe. Prisca anakohoa vilevile na amekusalimu. Mbuzi wa Erick amezaa pacha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampa Prisca naye aisome, labda macho yangu ndiyo mabovu. Akaniuliza, "Huyu ni Witness au ni Halmashauri ya Wilaya?" Mimi nimekuuliza mbegu ziko wapi, wewe umenijibu kikao kiko wapi.

Unauliza kwa nini zote. Umekulia nyumbani kwangu, unajua. Mchungaji marehemu hakubariki konzi. Alikuwa anaingia stoo ya kila nyumba, anainama chini ya dari, anaweka mkono juu ya viazi vilivyotandazwa kwenye majani makavu, na watoto wanashika taa. Watu wa huku wanajua mbegu iliyoombewa ni ile iliyoguswa. Mchungaji wa sasa alisema leteni mbegu zenu, hakusema leteni konzi. Tukatii. Na gari la Hamza lilikuwa linashuka tupu, bure.

Sasa nisikilize. Kiazi cha mbegu si sahani ya Komunyo, hakikai kabatini kikisubiri akidi. Kimeshachipua. Kikikaa kwenye kiroba, macho yanarefuka na kuvunjika. Wakatoliki wa ng'ambo ya korongo wameanza kufukia. Jana Mzee Joseph, mwenyekiti wa jumuiya yao, alinikuta nimesimama kwenye shamba langu lililolimwa, sina cha kuweka. Akanitania: "Mwinjilisti, mwaka huu Walutheri mnapanda kwa imani tu?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Niambie kwa maneno mafupi. Ziko wapi?

Mjomba


Morogoro,
15 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mnisamehe wote wawili. Salamu leo nitazifupisha, maana barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara naishia kwenye salamu.

Mbegu zimeuzwa. Zilipigwa mnada siku ileile.

Nitaeleza yote. Jumapili ya Mavuno madhabahu ilijaa, Mjomba. Mchele wa Dakawa, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu, na viroba vyenu mbele kabisa. Mchungaji aliomba, akabariki kila kitu kwa pamoja, akainua mikono, akatoka haraka kwa sababu alikuwa na ibada ya pili Dakawa na gari lilikuwa linamngoja. Hakusema hivi ni mbegu na hivi ni sadaka. Nadhani aliona kila mtu anajua. Vijana wakabeba vyote nje kwenda mnadani.

Mnadi alikuwa Mzee Leonard, kama kawaida. Unamjua anavyochekesha. Akanyanyua kiroba cha kwanza, akaona kile kitambaa, akasema, "Jamani, hawa Lugonzi ni watu wa adabu! Hata viazi wamevivalisha kanga!" Watu wakacheka. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Mbona vidogo?" Mzee akajibu, "Ni vitoto, mnunue mvilee!" Mwingine akasema vimeota. Mzee akasema, "Vimefurahi kuja mjini!"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ndogo pembeni yake, naandika nani amenunua nini. Niliona vile vitambaa. Niliona kile cha bluu cha mkaza mjomba, kile alichokikata kwenye kanga ya msiba wa mama. Nikajua. Nikasimama, nikamnong'oneza, "Mzee, hivi ni vya mbegu, vinatakiwa kurudi." Akaniangalia kwa tabasamu, kipaza sauti kikiwa mkononi, na akasema mbele ya watu wote, "Karani wetu anataka kuninyang'anya mnada! Binti, kazi yako ni kuandika. Andika." Watu wakacheka tena. Nikaketi. Nikaandika.

Viroba vyote alichukua Mwanvita, mama anayekaanga chipsi karibu na stendi. Si mshirika wetu, ni Mwislamu, lakini huja kila mnada na hatuna mnunuzi mwaminifu kuliko yeye. Jumatano yake alikuja ofisini amekasirika. "Karani, viazi vyenu vichungu! Wateja wananirudishia sahani. Mmevilaani?" Nikamwambia, "Hapana, vimebarikiwa, ndiyo shida yenyewe." Nikamweleza. Akasema, "Mungu wangu, nimekaanga shamba la watu." Vilivyobaki vilikuwa vimemenywa na kukatwa tayari. Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu.

Barua ya shukrani niliipiga chapa mimi. Nilimwambia Mzee Leonard tena kabla hajasaini. Alisema kilichowekwa madhabahuni ni cha Bwana, hakirudi, na nisimsumbue Mchungaji kabla Kamati haijakaa. Kamati haijakaa. Mara mbili haikufikisha akidi, mara ya tatu palikuwa na harusi.

Niko kwenye muda wa majaribio hadi mwisho wa mwaka, Mjomba. Mzee Leonard ndiye atakayeandika maoni juu yangu. Unajua nyumbani kwetu anayelipa ada ni nani. Sisemi haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu uliniuliza kwa maneno mafupi na mimi nilikujibu kwa marefu.

Nisaidie kufikiri. Niende kwa Mchungaji moja kwa moja?

Witness


Lugonzi,
28 Oktoba 2024

Witness,

Bwana asifiwe. Barua yako ilichelewa. Udongo uliporomoka chini ya kona ya pili, na Hamza alilala njiani siku mbili na kabichi zake zikanyauka.

Tumepata habari. Sikuisoma kanisani. Nimewaambia watu mbegu zimeharibika.

Mvua imeanza kunyesha vizuri.

Usiende kwa Mchungaji. Tunza kazi yako. Mdogo wako asome.

Kuna jambo dogo la kuchekesha. Siku hizi nikipita njiani, baadhi ya watu wetu wananisalimu kama watu wa ng'ambo ya korongo, "Tumsifu Yesu Kristo", halafu wanashtuka, wanacheka, wanasema "Bwana asifiwe". Ulimi unateleza.

Prisca amekwenda kwa dada yake Kisaki kupumzika kidogo. Hewa ya chini itamsaidia kifua.

Mjomba


Morogoro,
11 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mvua ni nzuri, na pia sikufurahi. Mkaza mjomba anarudi lini? Hajawahi kwenda Kisaki wakati wa kupanda, au mimi ndiye sikumbuki?

Kamati imekaa hatimaye. Mimi ndiye mwandishi wa kikao, hivyo siruhusiwi kuchangia, naruhusiwa kuandika tu. Suala la Lugonzi liliwekwa mwisho kabisa, kwenye Mengineyo, baada ya mapazia ya kanisa. Mama mmoja wa Kamati, Lucy, aliuliza, "Sasa hawa watu watapanda nini?" Mzee Leonard akasema, "Lucy, kanisa halitupi watu wake. Tutawapelekea viazi." Wakapiga makofi. Wakaamua vinunuliwe viazi sokoni, vipelekwe na gari la kanisa, na kijana wa mawasiliano aende kupiga picha kwa ajili ya ukurasa wa usharika. Kwenye muhtasari niliandika "viazi vya mbegu". Mzee aliposoma alifuta neno mbegu kwa kalamu. Akasema, "Tukiandika mbegu ni kama tunarudisha. Andika msaada."

Nilikwenda sokoni na dereva. Ni viazi vikubwa vya Njombe, Mjomba, vimeoshwa, havina hata jicho moja lililoamka. Nilimwambia muuzaji tunataka vya kupanda. Akanicheka: "Dada, kuna mtu anapanda vya kuoshwa?" Dereva akaniambia tusichelewe.

Kuna jingine. Mitaa inapangwa kwa utoaji wa mwaka huu, na kwa sababu ya viroba vile mmeshika nafasi ya kwanza kati ya mitaa ya vijijini. Mtapewa cheti kwenye Mkutano Mkuu wa usharika, Jumapili ya tarehe nane Desemba. Wanataka uje ukipokee. Barua rasmi itakuja na gari la viazi. Nimeipiga chapa leo.

Sijui kwa nini bado nafanya kazi hii vizuri.

Witness


Lugonzi,
22 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Bwana asifiwe. Sisi wazima.

Viazi vimefika. Gari lilikwama kwenye korongo, na waliolikwamua ni vijana wa Mzee Joseph. Huyo kijana wa picha, Abuu, ni mtu mwema, lakini alikuwa na bango. Tukalishika. Linasema "Uwakili Mwema Huzaa Matunda". Alituambia tucheke. Mama Juliana, ambaye kiroba chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, alimwuliza, "Mwanangu, tucheke kwa sababu ya nini?" Abuu akasema, "Mama, ni kwa ajili ya picha tu." Akacheka. Nadhani picha itakuwa nzuri.

Kisha mama mmoja akashika kiazi kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena, akasema, "Hiki kinapikwa." Tukavipika. Vilikuwa vitamu, sina neno la kulaumu. Basi tumeelewana na Emau. Nyie mmekula mbegu zetu, sisi tumekula mboga yenu.

Niliamua nisikuandikie haya, lakini uliuliza kuhusu Prisca, na nimeona uongo wangu unaanza kufanana na barua za ofisi yako. Prisca hakwenda kwa ajili ya kifua. Mvua ilipoanza, Mzee Joseph na jumuiya yao walichanga viazi vyao vya mbegu, wakapita nyumba kwa nyumba kwa watu wetu, wakasema chukueni, mtarudisha mkivuna. Hawakudai kitu kingine. Padri wao akapita mashambani, akaombea. Watu wetu wakapanda. Mimi nilikataa. Nilisema mwinjilisti hawezi kupanda mbegu ya padri. Prisca akaniambia, "Basi ule msimamo wako." Akafunga mzigo.

Unajua ninavyojua wapi watu wetu wanasali? Jumapili naimba, sauti inarudi. Wanakwenda ilikoombewa mbegu yao. Siwezi kuwalaumu, na siwezi kuacha kuwalaumu. Nawakuta njiani wanaona aibu, mimi naona aibu, tunaongelea mvua.

Shamba langu lina magugu tu.

Cheti sikitaki. Sitakuja. Waambie goti langu haliwezi mlima.

Mjomba


Morogoro,
9 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nisamehe mwandiko.

Jana ulikuwa Mkutano Mkuu. Kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwepo, Baraza zima lilikuwepo, na vyeti vilikuwa mezani vimefungwa utepe. Kazi yangu ilikuwa kusoma taarifa ya uwakili, mtaa baada ya mtaa. Nilikuwa nimeiandaa vizuri na Mzee Leonard alikuwa ameipitia.

Nilisoma mitaa ya mjini. Nilisoma Dakawa. Nikafika kwenu. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu Jumamosi, na nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba umeniagiza nitunze kazi, hivyo nasoma tu ilivyoandikwa. Nikafungua mdomo. Nikasema: "Mtaa wa Lugonzi. Sadaka ya mavuno: hakuna."

Watu walikuwa wameanza kupiga makofi. Yakafifia moja moja.

Mzee Leonard akasema kwa upole, "Karani, soma vizuri."

Nikasema, "Nimesoma vizuri, Mzee."

"Soma kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa si kweli, Mzee. Lugonzi hawakutoa sadaka. Walileta mbegu zibarikiwe, sisi tukaziuza."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mtu akasema, "Huyu binti vipi?" Mwingine akasema, "Mwacheni aseme." Mama Lucy akasimama, akasema hata yeye alishangaa siku ile viazi vilivyoota kuitwa sadaka. Mzee Leonard akasema kilichokwisha kuwekwa madhabahuni ni cha Bwana. Hapo Mchungaji akanyanyua mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akaniuliza, "Zilizouzwa ni zile mbegu zilizotakiwa kurudi? Zote?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Wamepanda nini?" Nikamwambia jibu hilo ni la Mwinjilisti, si langu.

Usidhani kuna kilichotengenezeka. Mkutano uliamua suala lirudi Kamati ya Uwakili. Cheti chenu walipewa watu wa mtaa mwingine, nao wakapiga picha. Na leo asubuhi nimepewa barua. Natuhumiwa kupotosha kumbukumbu za usharika mbele ya Mkutano Mkuu, na natakiwa kujieleza mbele ya Kamati tarehe ishirini na moja. Mzee Leonard anasema hakuna mtu wa Lugonzi aliyewahi kuleta lalamiko, na kwamba nyuso zenu kwenye picha zinacheka. Ni kweli, Mjomba. Hakuna lalamiko kwenye faili. Barua zako zote ulinitumia mimi.

Pia nimewafanya kuwa mtaa wa mwisho. Kwenye taarifa iliyobandikwa ukutani mmeandikwa chini kabisa, mbele ya jina lenu pana neno hilo moja, "hakuna". Nisamehe kwa hilo kuliko yote.

Witness


Lugonzi,
16 Desemba 2024

Mpwa wangu Witness,

Bwana Yesu asifiwe. Hatujambo. Kabichi zimeshambuliwa na viwavi.

Mchungaji amefika. Alikuja na Hamza, akashukia pale barabara inapokatika, akapanda kwa miguu na lile goti. Tulimkuta ameketi kwenye jiwe, viatu mkononi. Hakuleta kitu. Nilimwambia twende kanisani, akasema hapana, nipeleke mashambani. Akaona viazi vya watu vimeshatoa majani. Mzee Joseph alikuwepo, akamwambia, "Mchungaji, hivi vimeshaombewa. Ukiongeza maombi vitabeba kupita kiasi, magunia tutayatoa wapi?" Mchungaji akacheka, kisha akalia, jambo ambalo hatukulitegemea na hakuna aliyejua pa kutazama.

Akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine walimpa kiti. Mama Juliana alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nimekusamehe, Baba. Lakini mimi nimeshahama." Alipofika kwangu alinikuta peke yangu, sufuria moja jikoni, naye hakuuliza. Ameshuka jana. Ameahidi kuwa upande wako kwenye kikao, lakini naye amesema wazi, Kamati ina watu wake na yeye ana kura moja.

Ndiyo maana nimefanya hili. Nilipiga kengele ya kanisa siku ya kazi. Nilituma neno kila nyumba, waliobaki na waliohama, kwamba Witness binti wa marehemu dada yangu anafukuzwa kazi kwa kusema Lugonzi hawakutoa kitu. Sikuomba zaidi ya hapo.

Wamekuja, Witness. Kanisa lilijaa kama Krismasi. Wamekuja na matope ya shambani miguuni, Mama Juliana mbele. Mzee Joseph naye alikuja, akabaki mlangoni na kofia mkononi, akasema yeye ni shahidi tu. Nikasimama mbele kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nikiwa na watu wa kutazama. Nikasoma nilichoandika: kwamba sisi wa Mtaa wa Lugonzi, Jumapili ya Mavuno, hatukutoa sadaka yoyote, na kwamba taarifa ya karani ni sahihi. Mzee mmoja akauliza, "Mwinjilisti, tunasaini kwamba sisi ni wa mwisho?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Lete kalamu."

Wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Nimegonga muhuri wa mtaa. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii, na nakala moja Hamza atampelekea Mchungaji. Ibebe kikaoni. Usiogope kuiweka mezani.

Baada ya kusaini nilidhani wataketi tuombe. Walinipa mikono, mmoja mmoja, wakaenda kupalilia. Nikafunga mlango.

Jumapili nitafungua kama kawaida. Sijui nani atakuja. Kikao kikikuachisha kazi, njoo nyumbani, shamba lipo, ila njoo na jembe lako, langu Prisca aliondoka nalo kwenda Kisaki na sijapata ujasiri wa kwenda kuliomba.

Mjomba wako,
Jonathan